Taa inawaka, pampu imelala

Sisi wa sendika ya wafanyakazi wa machimbo hatuna mazoea ya kuandika juu ya sayansi. Tunaandika juu ya mishahara, juu ya kofia na buti, juu ya ajali na wajane. Leo tunaomba nafasi ya kuzungumza juu ya umeme, na hasa juu ya jambo moja ambalo mainjeniere wanaliita stabilite, yaani umeme kusimama imara bila kuyumba. Tunajua mtu atauliza: hayo yanawahusu nini watu wa shimo? Mtuvumilie kidogo.

Miaka mingi imepita. Tulikuwa zamu ya usiku, chini kabisa, katika mgodi mmoja ambao jina lake tunaliacha pembeni. Kule maji yanatoka katika jiwe saa zote, na pampu njo inawaweka watu hai. Usiku ule taa zilipunguka mwanga, zikawa nyekundu kama kaa, muda wa kupepesa jicho tu, kiisha zikarudi. Hakuna aliyestuka. Baadaye kidogo tukasikia kimya. Pampu imesimama. Feni ya hewa nayo imesimama. Tukapiga simu kwa watu wa juu, na mkubwa wa zamu akatujibu kwa hasira: «Umeme iko, ampuli zinawaka! Juu ya nini munasumbua?»

Tulipanda ngazi maji yakiwa magotini. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Kesho yake mzee mmoja, fundi wa umeme, akatueleza. Ampuli inavumilia umeme ukishuka, swichi ya mota haivumilii. Volteji ikianguka hata chini ya sekunde moja, ile sumaku inayoshika swichi inaachia, na mota inalala paka mtu aje kuiamsha. Tangu siku ile tunajua kwamba kuwa na umeme ni jambo moja, na umeme kusimama ni jambo lingine.

Siku moja bila maji, siku 12 za hatari

Sasa tutoke shimoni, twende Uvira. Mji wetu umebanwa katikati ya milima na Ziwa Tanganyika, kuanzia Kavimvira paka Kalundu. Maji ya robine yanatoka mto Mulongwe. REGIDESO inayachukua, inayasafisha, kiisha pampu zinayasukuma kuelekea kwa watu. Umeme ukikosa, pampu inasimama, isipokuwa jenereta iko na mazutu. Robine ikikauka, kila mwenye kuishi hapa anajua kinachofuata: mama anachukua bidoni, anampa mtoto kabidoni kadogo, wanashuka ziwani. Ni ziwa lile lile ambamo watu wanaoga, wanafua, na ambamo mvua inateremsha uchafu wote wa mabonde.

Ugonjwa wa kipindupindu tunaujua tangu zamani, tena tumeuzoea vibaya, kana kwamba ni hali ya hewa. Lakini wako watafiti waliokaa na kuhesabu. Walichukua daftari za kituo cha kutibia kipindupindu cha Uvira kuanzia 2009 hadi 2014, siku 1,946, wakazilinganisha na kiasi cha maji kilichotoka kiwandani kila siku. Kazi yao ilitangazwa mwaka 2015. Katika muda ule wagonjwa 5,745 wenye umri wa kupita miaka mitano waliingia kituoni wakiwa na dalili za ugonjwa huo.

Walichokiona kinatisha. Baada ya siku moja bila maji ya robine, wagonjwa waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na baada ya siku ambayo kiwanda kilifanya kazi vizuri. Yaani, mahali pa watu wawili wanakuja watano. Wakahesabu tena kwamba asilimia 23.2 ya wagonjwa wote walitokana na maji kutotoka inavyotakiwa. Tupige hesabu wenyewe: ni watu zaidi ya 1,300. Na kartye zilizozoea robine njo ziliumia zaidi siku robine ilipokauka, kwa kuwa watu wake walikuwa wameweka tumaini lao katika bomba.

Tunaomba msomaji aishike hesabu hiyo wakati tunaendelea. Umeme unapoyumba hapa, friji inaharibika, mashini ya kusaga mihogo inasimama, sudeuri anakosa pesa ya siku. Hayo yote ni hasara. Lakini pampu ya maji ikilala, deni linalipwa na mtoto.

Kutoka Ruzizi paka kwenye kabini yetu

Umeme wa Uvira hautoki Inga. Mitandao mikubwa ya nchi yetu haijaungana: iko ya magharibi na ile ya kusini inayoelekea Katanga, zote zinakula Inga, na sisi wa mashariki tuko peke yetu. Sisi tunategemea mto Ruzizi. Mto huo unatoka Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na unaingia Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Ni mteremko wa karibu mita 700 katika safari fupi. Mungu alitupa ngazi ya maji, na binadamu akaweka mitambo kwenye vipandio vya juu.

Ruzizi I ilijengwa karibu na Bukavu mwisho wa miaka ya 1950, chini ya ukoloni. Nguvu yake ni karibu megawati 30, na iko chini ya SNEL. Ruzizi II ilianza 1989. Ina megawati karibu 44, na mwenyewe ni SINELAC, kampuni ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi III, ambayo imepangwa kuwa na megawati 206, tumeisikia kwenye redio miaka na miaka, na watu wa Kamanyola wamechoka kuuliza.

Sasa tazama hali yetu. Ruzizi II iko na mashini tatu. Mashini moja ikisimama, zinapotea megawati karibu 15, yaani moja ya tano ya nguvu ya Ruzizi zote mbili. Ni kama familia ya watu watano wanaobeba boti, na mmoja anaachia ghafla bila kusema. Wanne waliobaki hawana nguvu ya akiba. Boti inainama.

Na mashini zinasimama kwa sababu ambazo zingine ni aibu yetu. Bukavu inatupa machupa na mifuko ya plastiki ziwani, maji yanaisukuma paka kwenye mlango wa Ruzizi I, inaziba njia ya turbini. Wafanyakazi wanaitoa kwa mikono na kwa mashini, kesho imerudi. Mtu anatupa chupa Bukavu, na mtu asiyemjua anakosa maji Uvira.

Kiisha ongeza mwendo wa waya. Sisi tuko mbali, chini ya bonde. Waya mrefu unakula volteji, na kadiri watu wengi wanavyovuta, ndivyo inashuka. Mtu wa mwisho kwenye laini anapata mabaki. Hapa iko hesabu ambayo kila mwenye mota anapaswa kuijua: nguvu ya mota haishuki sawasawa na volteji, inashuka haraka zaidi. Badala ya volti 220 ukipata 160, mota inabaki na nusu tu ya nguvu yake ya kuzungusha. Inanung'unika, inapata moto, nyuzi zake za ndani zinaungua. Wale mafundi wa kusuka mota wanakula juu ya ugonjwa huo.

Mainjeniere wanasema nini

Mwaka 2004 wataalamu wa dunia waliyapanga mambo ya umeme kuyumba katika mafungu matatu. La kwanza ni mashini zote za mtandao kwenda pamoja, kama wapiga kasia wa mtumbwi mmoja: mmoja akipoteza mpigo, anawagonga wenzake na anatolewa. La pili ni frekansi, yaani mwendo. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na ni lazima ubaki hapo. Watu wakivuta kuliko mashini zinavyotoa, mwendo unapunguka. La tatu ni volteji, ile tuliyoisema.

Umeme wa mtandao hauwekwi ghalani. Kila sekunde, kinachotolewa lazima kilingane na kinachovutwa. Mashini moja ikikatika, zingine zinafungua milango ya maji ili kuongeza nguvu, lakini maji ndani ya bomba ni mazito, yanataka sekunde kadhaa kuongeza mwendo. Katika sekunde hizo nani anabeba mzigo? Ni uzito wa mashini zenyewe zinazozunguka. Fikiria chukudu ya Goma imebeba magunia: ukiacha kuisukuma, haisimami mara moja, uzito wake unaipeleka bado. Uzito huo njo unanunua muda.

Muda ukiisha na mwendo bado unashuka, vyombo vya ulinzi vinaanza kukata watu, laini moja baada ya nyingine, ili kuokoa mtandao uliobaki. Hiyo ni delestaji ya ghafla, haina uhusiano na ile ya kupangwa kwa ratiba. Hapo tunataka msomaji asimame kidogo. Nani ameandika orodha ya laini za kukatwa kwanza? Mashini haichagui. Binadamu amechagua mbele, ofisini, kwa kalamu. Laini ya maji ya Uvira iko ya ngapi? Hospitali je?

Mtu asidhani ni sisi maskini peke yetu tunaopata mambo hayo. Tarehe 7 Juni 2016, nchini Kenya, tumbili mmoja alipanda juu ya kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfo. Transfo ikajikata, mzigo ukaenda kwa mashini zingine za pale, nazo zikajikata. Megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa mara moja, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa masaa. Tumbili alipona. Mtandao mkubwa kuliko wetu ulianguka, si kwa kukosa megawati siku ile, kwa kukosa kuvumilia pigo moja.

Jua linakuja, tena na swali lake

Siku hizi kila mradi unasema nishati endelevu, na sisi tunakubali. Burundi, ng'ambo ya ziwa, wamefungua paneli za jua za Mubuga, megawati 7.5, mwaka 2021. Rwanda walianza mbele, kule Rwamagana, megawati 8.5. Goma iko na kituo cha jua cha Nuru cha megawati 1.3, chenye betri na jenereta, tangu 2020. Jua letu la bonde la Ruzizi linajulikana, linakausha ndagala kwa siku moja.

Lakini paneli haizunguki. Haina ule uzito wa chukudu. Inapita kwenye chombo cha elektroniki, na wingu likipita nguvu inashuka. Njo maana mwaka 2021 wataalamu waliongeza mafungu mawili mapya juu ya yale matatu, kwa sababu ya vyombo hivyo vya elektroniki vinavyojaa kwenye mitandao ya dunia. Tarehe 28 Septemba 2016, dhoruba iliangusha minara ya umeme katika jimbo la Australia ya Kusini, mashamba ya upepo yakapunguza nguvu, na jimbo lote likazimika. Baada ya mwaka mmoja hivi wakaweka betri ya megawati 100, inayojibu kwa muda mfupi kuliko sekunde, haraka kuliko mlango wowote wa maji. Leo utafiti umefika mbele tena: viko vyombo vya jua na betri vinavyotengenezwa vishike mwendo na volteji vyenyewe, bila kungojea mashini kubwa iwaongoze.

Kwetu, betri ya namna hiyo ni pesa nyingi. Lakini iko betri nyingine ya bei ya chini ambayo Uvira inayo karibu: mlima. Pampu ya jua inasukuma maji mchana paka kwenye tanki juu ya kilima, usiku maji yanateremka yenyewe. Unaweka akiba ya maji mahali pa akiba ya umeme. Mtandao ukiyumba saa mbili usiku, robine ya Kimanga haijui.

Wenzetu wamoja wanatupinga. Wanasema: «Munazungumzia stabilite wakati umeme wenyewe haupo? Tupate megawati kwanza.» Tunawaelewa. Ni kweli kwamba ukosefu wa megawati ni mama wa kuyumba, kwa kuwa asiye na akiba anaangushwa na kila pigo. Lakini tumeona pia kwamba megawati mpya zikiunganishwa kwenye waya uliochoka, kwenye kabini iliyobeba nyumba mara mbili ya zile ilizojengewa, kwenye nguzo zilizosukumwa na mafuriko, zinafika zikiwa zimechoka nazo. Aprili 2020 Mulongwe ilituua watu na ikaharibu mitambo ya maji. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, likaingia manyumbani. Anayepanga umeme wa mji huu bila kuhesabu maji hayo, anapanga mji mwingine.

Sisi tunaomba nini

La kwanza, kiwanda cha maji na hospitali kubwa viwe na laini yao, ya mwisho kukatwa na ya kwanza kurudishwa. Na orodha ya kukata ibandikwe mahali watu wanaona. Siri haina kazi hapo.

La pili, mikataba. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 imefungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi kuzalisha na kuuza. Vizuri. Basi kila mkataba, wa Ruzizi III au wa paneli, useme mbali ya megawati ni nani atabeba zile sekunde za kwanza: betri ya kiasi gani, vyombo gani vya ulinzi, fundi gani atakaa pale baada ya wageni kuondoka. Kampuni ikijibu kwamba hayo yatafuata, sisi watu wa sendika tunajua neno «yatafuata» linamaanisha nini.

La tatu, machimbo. Mota kubwa ikiwashwa bila chombo cha kuituliza, inavuta mara tano hadi saba ya mzigo wake wa kawaida, na kartye nzima inaona taa zinainama. Kampuni inayounga mashini za kusaga mawe kwenye laini ya watu ilazimishwe kuweka chombo hicho. Tena kodi ya machimbo iliyofanyiwa marekebisho tarehe 9 Machi 2018 inadai kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wenyeji, na isaini nao daftari la ahadi. Wenzetu wa Mwenga na Fizi, munapokaa kwenye meza hiyo, muombe pampu ya jua na tanki kabla ya kuomba uwanja wa mpira.

La nne ni juu ya ndugu zetu wafanyakazi wa umeme. Yule anayepanda nguzo kwenye mvua bila glavu, yule anayevuta plastiki kwenye mlango wa turbini, ni mfanyakazi kama sisi. Kifo chake kinaitwa ajali, kama vifo vyetu vilivyoitwa. Stabilite inaanzia kwenye mikono yake. Alipwe kwa wakati, apewe vyombo.

La tano ni letu wote, na halitaki mradi. Umeme ukikatika, zima friji, zima mashini, zima televizyo, acha ampuli moja tu ikupe habari. Ukirudi, ngojea dakika kumi ndipo uwashe kimoja kimoja. Umeme unaporudi na kukuta kila kitu cha kartye kimefunguliwa, kabini inabebeshwa mzigo wote kwa mara moja na inaanguka tena. Mara nyingi tunailaumu SNEL kwa kukatika kwa pili ambako tumekufanya sisi wenyewe. Na anayevuta waya wa wizi usiku ajue kwamba volti anazoiba zinatoka kwenye mota ya jirani.

Juzi, baada ya mkutano wetu, tulishuka Kalundu na taa ya simu. Ng'ambo tuliona Bujumbura, sehemu zingine zinawaka, zingine giza, kama sisi. Njiani tulikutana na mama mmoja anapanda kutoka ziwani, bidoni kichwani, na mtoto nyuma yake. Nyuma yao, kwenye duka, ampuli ilikuwa inawaka, nyekundu nyekundu. Tukamuuliza: «Mama, umeme si iko?»

Akajibu bila kusimama: «Umeme iko, baba. Maji njo hakuna.»